Lafudhi ya Australia Katika Gemu: Mwongozo Kamili wa Kupata Sauti Inayoaminika

Mwaka 2013 studio ya Avalanche ya Sweden ilipoonyesha kionjo cha gemu yake ya Mad Max, mhusika mkuu alisikika akiongea Kimarekani. Mashabiki walilalamika, maana Max ni mtu wa Australia, na ikabidi itangazwe kwamba sauti itabadilishwa. Gemu ilipotoka 2015, Max aliigizwa na Bren Foster, mwigizaji wa Australia. Kosa hilo lilikuwa la wazi na lilionekana mapema. Yaliyo mengi hujificha: mhusika anatajwa kuwa wa Australia, anasema "mate" (rafiki) kila baada ya maneno matano, lakini mtu wa Brisbane akimsikiliza hawezi kukisia alikulia wapi.

Mwongozo huu ni wa timu inayotengeneza gemu yenye mhusika wa Australia na inataka Waaustralia wenyewe wamkubali. Lafudhi ni ya mtu mmoja, mwenye umri wake, kazi yake na mji wake. Timu ikimjua mtu huyo mapema, usaili, kurekodi na uhariri hurahisika. Isipomjua, hata mwigizaji mzuri atabahatisha.

Hatua ya 1: Andika wasifu wa lafudhi kabla ya usaili

Kwenye ukurasa mmoja jibu maswali matano: mhusika alizaliwa mwaka gani, alikulia mji gani, nyumbani kwao kulizungumzwa lugha gani, anafanya kazi gani na watu wa aina gani, na ameishi wapi ukubwani. Usiandike "lafudhi nzito ya Australia". Maneno hayo hayamwelezi mwigizaji lolote, na humsukuma moja kwa moja kwenye kuigiza mzaha.

Wanaisimu Mitchell na Delbridge waligawa Kiingereza cha Australia katika aina tatu miaka ya 1960, na mgawanyo huo bado unafaa studioni: pana, ya kawaida na ya kisomi. Lafudhi pana ndiyo dunia iliyoizoea kwa Paul Hogan, mwigizaji wa filamu ya Crocodile Dundee, na Steve Irwin, mtangazaji wa vipindi vya mamba. Ya kisomi ilikuwa ikifuata Uingereza, na leo imebaki kwa wazee wachache. Waaustralia wengi, hasa vijana wa mijini, huzungumza ya kawaida. Hapa ndipo gemu nyingi hupotea: mwanasayansi wa Sydney mwenye miaka 28 hupewa sauti ya mfuga ng'ombe wa Queensland mwenye miaka 65. Kila irabu inaweza kuwa sahihi, na bado mtu mwenyewe akawa si sahihi.

Tofauti za majimbo ni ndogo zikilinganishwa na za Uingereza, lakini Mwaustralia huzisikia. Watu wengi wa Victoria hutamka "celery" na "salary" sawasawa, na jina la mji wao, Melbourne, huanza na sauti inayokaribia "mal". Australia Kusini wengi husema "dance" na "plant" kwa a ndefu, wakati kwingine aghalabu huwa ni irabu ile ya "cat". Adelaide, mji mkuu wa jimbo hilo, pia inajulikana kwa l ya mwisho wa silabi inayoyeyuka kuwa kama u, hivyo "milk" husikika karibu na "miuk". Usimpe mwigizaji orodha ndefu ya mambo haya. Mbili au tatu zinazolingana na wasifu zinatosha.

Mhusika Mwaborijini anahitaji kazi ya ziada. Kiingereza cha Waaborijini kina sarufi, kiimbo na maneno yake, na kaskazini mwa nchi kuna watu ambao lugha yao ya kila siku ni Kriol, lugha iliyozaliwa kwa mchanganyiko wa Kiingereza na lugha za Waaborijini. Mtafute mwigizaji Mwaborijini, tena wa eneo linalotajwa kwenye hadithi, na mlipe mshauri wa jamii hiyo tangu muswada unapoandikwa. Miongozo ya maadili ya AIATSIS, taasisi ya Canberra inayoshughulikia masomo ya Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait, ni mahali pazuri pa kuanzia. Jamii nyingi zina miiko kuhusu kusikika kwa sauti ya mtu aliyefariki, kwa hiyo kubalianeni mapema kwa maandishi litakalofanyika likitokea hilo.

Kumbuka pia wahamiaji. Melbourne na Sydney zina Wagiriki, Walebanoni na Wavietinamu wa vizazi kadhaa, na kuna familia za wasemaji wa Kiswahili waliotoka Kongo na Burundi ambazo watoto wao wanakua wakiongea Kiaustralia kama jirani yeyote. Mhusika mwenye asili ya Afrika aliyekulia huko hana sababu ya kupewa lafudhi ya Kiafrika.

Hatua ya 2: Zoeza masikio

Mzungumzaji wa Kiswahili ana kipimo kizuri mdomoni mwake, maana irabu zetu tano hazitelezi. Zitumie kama alama za kupimia.

Anza na "day", "same", "grenade". Mmarekani hutamka karibu na "dei". Mwaustralia wa kawaida huanzia chini zaidi, kati ya "dei" na "dai", na wa lafudhi pana hukaribia "dai" kabisa. Kisha "time" na "behind": Mwaustralia huanzia nyuma ya mdomo, kati ya a na o, na kwa lafudhi pana utasikia karibu "toim". Neno "now" hukaa kati ya "nao" na "neo".

Neno gumu kuliko yote ni "no". Huanza na irabu hafifu ya katikati, kisha huelekea kwenye u ambayo ulimi wake umesogezwa mbele. Mitandaoni watu huliandika "naur" kwa mzaha, na mwigizaji wa Marekani akilisoma hivyo huweka r ambayo haipo. U hiyohiyo ya mbele iko ndani ya "food", "move" na "you". Ukisikia u nzito ya nyuma, kama ya "kuu", mwigizaji ametoka nje ya njia.

Zipo sauti zilizo karibu sana na zetu. A ndefu ya "car", "start" na "yard" inafanana mno na ile ya "kaa". "There" huishia kwa e ndefu isiyoteleza. Na t iliyo katikati ya "water" au "better", katika maongezi ya kawaida, hugongwa kwa wepesi kama r ya "bara".

Sasa r, iliyowaangusha waigizaji wengi wa Marekani. Mwaustralia haitamki r ya mwisho wa silabi: "sniper", "cover" na "harbour" hazina r masikioni. Lakini neno linalofuata likianza na irabu, r hurudi: "cover it" ina r, "cover me" haina. Hujitokeza hata pale isipoandikwa, kwa hiyo "saw a" husikika kama "sor-a". Mwigizaji anayefuta r zote huonekana amekariri kanuni nusu.

Silabi zisizo na mkazo hupoa. Irabu ya pili ya "rabbit" ni hafifu, si i kamili, na "roses" na "Rosa's" husikika sawa. Jambo dogo, lakini ndilo linalomtofautisha aliyekulia huko na aliyejifunza kwa wiki tatu.

Kiimbo kinachopanda mwishoni mwa sentensi kipo kweli, hasa kwa vijana wanaposimulia au wanapohakikisha kwamba msikilizaji yuko pamoja nao. Hakipo katika amri, wala kwenye hasira. Ukikiweka kila mahali, kamanda wa kikosi atasikika kama anaomba ruhusa.

Halafu jifunze kuitenga New Zealand. Neno "bed" la New Zealand husikika kama "bid", na i ya "fish" hupoa hadi kuwa irabu hafifu. Mwaustralia hufanya kinyume: i yake iko karibu na i yetu. Zoezi zuri liko ndani ya gemu ya Apex Legends. Fuse, aliyeingia 2021, anaigizwa na Ben Prendergast wa Australia, na Mad Maggie, aliyeingia 2022, anaigizwa na Nicola Kawana wa New Zealand. Kwenye hadithi wote wawili ni wa sayari moja. Wasikilize wakibadilishana maneno na uandike kila irabu inayowatenganisha.

Hatua ya 3: Safisha muswada

Andika Kiingereza sanifu. Usiandike "'ow ya goin'" wala usikate herufi ili kuonyesha lafudhi, kwa sababu mwigizaji atasoma maandishi yako badala ya kuongea, na mara nyingi tahajia hizo humpeleka London ya mashariki. H iliyodondoshwa, t iliyokatwa kooni na "th" inayogeuka f ni dalili za huko, na Waaustralia huzigundua papo hapo.

Maneno yaangaliwe moja moja. "Crikey", neno la mshangao, ni nadra midomoni mwa vijana. "Shrimp" (kamba wa baharini) katika ile kauli maarufu ya "shrimp on the barbie", yaani kamba kwenye jiko la nyama choma, ilitoka kwenye tangazo la utalii la miaka ya 1980 lililotengenezwa kwa ajili ya Wamarekani. Australia kamba huitwa "prawn". Vifupisho kama "arvo" kwa alasiri, "servo" kwa kituo cha mafuta, "ute" kwa pikapu na "tradie" kwa fundi ni vya kila siku, ila viwe na sababu ya kutajwa. "Reckon" (nadhani), "heaps" (tele) na "yeah, nah" (kukataa kwa upole) hufanya kazi kubwa zaidi kuliko "mate" kumi.

Maneno mengine humtaja mtu jimbo lake. "Footy" ni raga ya aina ya rugby league kwa mtu wa Sydney au Brisbane, lakini kwa mtu wa Melbourne, Adelaide au Perth ni mpira wa Kiaustralia (Australian rules), ambao si soka. Nguo ya kuogelea ni "togs" Queensland na "bathers" Victoria. Bia ya mililita 285 huitwa "pot" Melbourne na "middy" Sydney. Na "schooner" ni mililita 425 Sydney, lakini Adelaide ni 285. Mwandishi akitaja "schooner" ajue mhusika yuko baa ya mji gani.

Kisha tenga orodha ya miito ya vita. Sehemu hii hupuuzwa kuliko zote, na inaumiza kuliko zote. Mchezaji atasikia hotuba ya mhusika mara moja, lakini "Grenade!", "Reloading!", "Behind you!", "Over there!" na "Sniper!" atazisikia mamia ya mara. Tazama irabu zilizomo: ndizo zilezile za "day", "no" na "time", na r zilezile zisizotamkwa. Miito hiyo ndiyo mtihani wa lafudhi, na ndiyo inayorekodiwa mwigizaji akiwa amechoka.

Hatua ya 4: Usaili

Njia ya uhakika ni kumtafuta Mwaustralia. Borderlands: The Pre-Sequel ya 2014 ilitengenezwa na 2K Australia, Canberra, na wakazi wa mwezi wa Elpis wanaongea na kutania kama Waaustralia kwa sababu waliowatunga wanaishi hivyo. Overwatch ina somo lake pia: Junkrat anaigizwa na Mmarekani Chris Parson, kwa lafudhi iliyotiwa chumvi makusudi, na Junker Queen alipoingizwa kama mhusika wa kuchezwa mwaka 2022 alipewa Leah de Niese wa Australia. Sikiliza mmoja baada ya mwingine.

Kutia chumvi si dhambi ikiwa ulimwengu wote wa gemu umetiwa chumvi. Sniper wa Team Fortress 2, ya 2007, anaigizwa na Mmarekani John Patrick Lowrie na anapendwa, kwa kuwa kila mhusika pale ni kikatuni. Kinachoharibu ni kumweka mtu wa aina hiyo katikati ya hadithi ya huzuni yenye sura halisi.

Kila msailiwa arekodi vitu vitatu. Kwanza, dakika moja ya maongezi yake huru kuhusu mji aliokulia, bila kuigiza. Pili, sentensi hizi za kupimia:

"No, I don't know. They're going home the same way today."
"The water's over there, by the car in the yard."
"I saw a better idea, but it was too late to change it."

Tatu, miito mitano ya vita kwa sauti kamili. Linganisha rekodi ya kwanza na ya tatu. Lafudhi ikibadilika anapopaza sauti, itabadilika gemu nzima.

Chama cha waigizaji cha Australia ni MEAA. Uliza viwango na masharti yake mapema, pamoja na matumizi ya sauti katika matangazo na katika mifumo ya kompyuta inayoiga sauti za watu.

Ikibidi kumtumia asiye Mwaustralia, mpe mkufunzi wa lafudhi kwa muda wa kutosha, angalau wiki nne kabla ya studio, na mtu halisi mmoja wa kumfuata: rekodi za mazungumzo za mtu wa umri na mji wa wasifu. Asifuate mwigizaji mwingine. Nakala ya nakala huongeza chumvi kila inaponakiliwa.

Hatua ya 5: Kurekodi

Ukiwa Dar es Salaam au Nairobi, saa 3 asubuhi yako ni saa 8 mchana Perth na saa 10 jioni Brisbane, mwaka mzima. Sydney na Melbourne ni saa 10 jioni pia, ila kuanzia Jumapili ya kwanza ya Oktoba hadi Jumapili ya kwanza ya Aprili husogea hadi saa 11. Adelaide iko nusu saa nyuma ya Sydney. Usimpangie mwigizaji wa Sydney kupiga kelele za vita saa 2 usiku kwake, maana koo limeshatumika siku nzima.

Rekodi faili za WAV, mono, kilohazi (kHz) 48, biti 24. Mdomo uwe sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maiki, na kichujio cha pumzi katikati. Kilele cha sauti ya kawaida kibaki karibu na desibeli -6 hadi -10, na kelele ya chumba iwe chini ya -60. Faili irekodiwe upande wa mwigizaji. Mtandao utumike kwa kumsikiliza na kumwongoza tu, kwa sababu sauti iliyobanwa na simu ya video hula ncha za irabu, na utamsahihisha mtu kwa kosa ambalo hakulifanya.

Mpangilio wa kipindi una uzito wake. Anza na dakika tano za maongezi ya kawaida huku maiki ikiwa wazi, kisha rekodi sentensi tatu za nanga, zile utakazorudia kila mwanzo wa kipindi na kila baada ya mapumziko. Mchezeshee mwigizaji nanga za siku ya kwanza kabla hajaendelea. Mazungumzo yatangulie, minong'ono ifuate, na makelele, miguno na vifo viwe mwisho. Makelele yasizidi saa mbili kwa siku, na yakiisha usirudi kwenye mazungumzo.

Miito ya vita irekodiwe matoleo matatu au manne kwa kila mmoja, tena isirekodiwe kama orodha. Mwigizaji akisoma "Reloading" mara nne mfululizo, irabu huanza kufanana, na kiimbo hupanda na kushuka kama anahesabu. Mpe sentensi fupi kabla ya kila mwito, kisha ikate baadaye.

Ukimsahihisha, usimtamkie. Lafudhi yako itaingia sikioni mwake. Mchezeshee nanga yake mwenyewe, au mwombe aiseme sentensi kwa maneno yake halafu arudi kwenye muswada. Na Mwaustralia akikuambia "hatusemi hivyo", badilisha muswada palepale na uandike toleo jipya kwenye jedwali, ili watafsiri na maandishi ya skrini yafuate.

Hatua ya 6: Uhariri

Gemu zinazounganisha vipande, kama za michezo zenye mtangazaji, zina mtego wa r. Kipande cha "four" kilichorekodiwa peke yake hakina r. Kikiunganishwa na "all" kinasikika kimevunjika, kwa kuwa Mwaustralia angetamka r hapo. Kwa kila neno linaloishia na r, rekodi matoleo mawili: moja kabla ya konsonanti na moja kabla ya irabu. Fanya vivyo hivyo kwa kiimbo, toleo la katikati ya sentensi na toleo la mwisho.

Ukipandisha au kushusha kidatu cha sauti, hakikisha programu inahifadhi umbo la irabu. La sivyo "day" itahama na kazi yote ya mwigizaji itapotea. Kichujio cha redio kinachobakiza hazi (Hz) 300 hadi 3,400 hakiui lafudhi, ila kinapunguza konsonanti; usikiweke juu ya mnong'ono. Na usikate pumzi na "yeah" ndogo za kuanzia sentensi kwa ajili ya kuokoa nafasi. Mtu yumo humo.

Hatua ya 7: Kuwapimia wenyewe

Tafuta wasikilizaji sita hadi wanane kutoka angalau majimbo matatu, wa umri tofauti, wasiohusika na gemu. Wape vipande vya sekunde 20 bila picha, na uchanganye ndani yake kipande kimoja cha Mwaustralia halisi akiongea. Usiulize kama lafudhi ni nzuri, maana watu ni waungwana na watakusifu. Uliza: mtu huyu ana miaka mingapi, alikulia wapi, anafanya kazi gani? Majibu yakikaribia wasifu wa hatua ya 1, kazi imefika. Wakisema "New Zealand" au "Afrika Kusini", rudi kwenye "bed", "fish" na "day". Wakisema "Mwingereza", kagua u ya "food" na t zilizokatwa kooni. Wakikisia umri mkubwa kuliko wa mhusika, lafudhi imepanuliwa mno.

Tenga bajeti ya kurudia asilimia 10 hadi 15 ya sentensi, na uweke siku hiyo ya marudio kwenye mkataba tangu mwanzo. Siku hiyo pia ianze na nanga zilezile.

Mwisho, hifadhi pamoja wasifu, dakika tano za maongezi ya kwanza, nanga za kila kipindi na jedwali la mabadiliko ya maneno, na folda ipewe jina la mhusika. Nyongeza ya gemu huweza kuja miaka mitatu baadaye, ikiwa na mwongozaji mwingine, au hata mwigizaji mwingine, na hao watahitaji kusikia mhusika alivyokuwa akiongea kabla hawajafungua maiki.